Kuku wa Vienna

Ukitaka kumjua binadamu, mtazame anavyotamani kile alichokikataa siku alipokuwa na uwezo nacho. Mama Kabira alizunguka Ulaya karibu kila kiangazi cha utu uzima wake, na katika safari zote hizo hakuwahi kutia mdomoni chakula cha mji wowote alioutembelea. Alisafiri na mpishi wake, mchele wake, mfuko wa ndimu kavu, na sufuria kubwa iliyoheshimiwa uwanja wa ndege kuliko baadhi ya wajukuu. Hotelini Geneva wageni wa vyumba vya jirani walilalamikia harufu, naye akashangaa kuna watu duniani wanaochukizwa na harufu ya chakula. Alitazama makanisa, saa za minarani na sanamu za wafalme juu ya farasi, kisha akarudi chumbani kula machbous, wali wa nyama wa kwao, kana kwamba hakuwa ametoka Al Wakrah, mji wake wa pwani ya Qatar.

Halafu kiharusi kikampiga. Kilimchukua mkono na mguu wa kushoto, na kikamwachia koo lisiloweza tena kutofautisha njia ya tumbo na njia ya mapafu. Madaktari wakamtoboa tumboni wakapitisha mpira, na tangu hapo akawa analishwa kwa bomba la sindano maji mazito yenye rangi ya chai ya maziwa. Ulimi ukabaki na kazi ya kusema tu, tena kwa upande mmoja wa mdomo. Ndipo alipoanza kutaka kujua Wazungu wanakula nini.

Aliyepewa kazi ya kumjulisha ni Velma. Velma alitoka Chavakali, nchi ya Wamaragoli, jamii ya Waluhya, magharibi mwa Kenya. Alikuwa amesomea kuhudumia wagonjwa majumbani, wakala akamleta Doha, akajikuta katika nyumba ile ya Al Wakrah akimgeuza bibi kitandani, akimwogesha, akimlisha kwa mpira na kumsafisha kinywa. Watu hawajui, lakini kinywa cha mtu asiyekula huchafuka upesi kuliko cha mlaji. Asubuhi, mchana na jioni Velma alichovya majini kijiti chenye sponji nchani, akaikamua, akaipitisha kwenye fizi na ulimi wa bibi. Siku njema bibi alimwita binti yangu, siku mbaya alimwita punda, na Velma aliitikia yote mawili. Yeye alimwita Mama Kabira, kama wafanyakazi wote, yaani mama mkubwa wa nyumba.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja, na aliyeiweka ni Hissa, kitinda mimba wa bibi, ambaye hakuolewa akabaki kumtunza mamake.

"Kitu chochote kisipite mdomoni mwake," alimwambia Velma siku ya kwanza. "Hata tone la chai. Kikipita, siku hiyo hiyo utapanda ndege urudi kwenu."

Hissa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu akipewa mamlaka hutoa amri.

Kiangazi cha kwanza baada ya kiharusi, familia ilikwenda Vienna. Velma alisukuma kiti cha magurudumu juu ya mawe ya barabara za kale hadi mifupa yake mwenyewe ikalalamika. Walitazama kanisa lenye paa la vigae vya rangi, wakatazama farasi wanaovuta wageni, na mchana wakaingia mkahawani. Watoto wa bibi na familia zao walikaa meza moja wakipiga picha sahani zao. Mama Kabira na Velma walikaa pembeni, karibu na dirisha. Bibi akaelekeza kidole kwenye picha ya chakula, mhudumu akaleta nyama bapa ya ndama, iliyopondwa, ikavikwa unga wa mkate na kukaangwa.

"Onja," alisema Mama Kabira, kwa kile Kiarabu cha jikoni walichokitumia kuelewana wawili hao.

Velma akaonja. Haikuwa na nyanya, haikuwa na kitunguu, haikuwa na mchuzi. Ilikuwa kama mtu aliyekaanga bahasha.

"Nzuri, Mama."

"Nzuri si ladha. Sema ilivyo."

Sasa, kwao Velma kuna jambo moja ambalo mtoto hufundishwa kabla hajajua kujifunga viatu. Chakula cha mtu hakisemwi vibaya ukiwa bado umekaa mezani pake. Hata kama kimeungua, hata kama kimezidi chumvi, utakula, utashukuru, na utasema ukifika kwenu, tena kwa sauti ya chini. Na mhudumu wa Vienna alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma, akitabasamu na kungoja sifa. Velma hakujua kama anaelewa Kiarabu. Akafumba macho atafute neno jema, na macho yalipofumbika akaona jiko la mamake.

"Ni kuku," alisema. "Jogoo wa kujitafutia mwenyewe. Kwanza anapitishwa kwenye moto wa kuni mpaka ngozi inashika moshi. Halafu anachemshwa polepole, mafuta yake mwenyewe yanapanda juu ya mchuzi, ya manjano. Unamega ugali wa wimbi, una moto unakuchoma vidole, unauchovya. Ukifika kwenye mfupa unautafuna, ndani kuna utamu mwingine."

"Wimbi ni nini?"

"Unga wa kahawia, Mama. Wa huku huku."

Mama Kabira alikuwa amefumba macho pia. Mate yakamtoka upande wa mdomo usio na nguvu, yakashuka kidevuni, na Velma akayapangusa. Tangu aanze kumhudumia, hakuwahi kumwona bibi akitokwa na mate kwa ajili ya chakula.

Basi ikawa desturi, kiangazi hicho na viwili vilivyofuata. Lisbon waliletewa chewa mkavu aliyelowekwa, na Velma akasema habari za omena, dagaa wa ziwani, waliokaangwa wakakauka, wakatiwa nyanya na kitunguu hadi jikoni kukanukia. Paris ililetwa jibini yenye harufu ya soksi za mchezaji mpira, na bibi akasimuliwa maziwa yaliyolala kwenye kibuyu, mazito, yenye uchachu wa kuamsha masikio. Amsterdam walimpa Velma samaki mbichi na kitunguu, samaki ambaye hakuwahi hata kuonyeshwa moto. Alimmeza akisali, kisha akasimulia mboga za mrenda na majani ya kunde zilizochanganywa pamoja, zikavutika kutoka sahanini hadi mdomoni bila kukatika. Mama Kabira alisikiliza yote. Kila akirudi Doha aliwaambia wageni wake kwamba alikuwa mjinga ujanani, kwamba chakula cha Ulaya hakina mfano.

Jioni za Al Wakrah, taa zikizimwa, aliagiza. "Lete ile ya Vienna." Na Velma alileta, neno kwa neno, maana bibi alikuwa na kumbukumbu kali na ukisahau moshi wa kuni alikukumbusha.

Mtu pekee aliyejua ukweli ni Githinji, dereva wa nyumba, Mkenya mwenzake kutoka Nyeri.

"Nyinyi Waluhya ni hatari," alimwambia Velma siku moja ya Ijumaa, akimpeleka Al Mansoura kwenye duka la Waafrika kununua unga. "Mtu akifunga macho, anaona tu kuku."

"Na nyinyi mkifunga mnaona waru, viazi tupu."

"Waru haijawahi danganya mgonjwa."

Velma hakucheka. "Inanisumbua, Githinji. Nilianza tu kwa heshima. Sasa yule mama ameamini kabisa."

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Ati miaka tatu nimemlisha uongo?"

"Basi nyamaza, endelea. Amefurahi, umefurahi. Ni nani ameumia?"

Githinji alikuwa na akili ya barabarani, lakini hili hakuliona lote. Velma naye alikuwa akila. Aliposimulia kuku, njaa yake ya nyumbani ilitulia kwa siku mbili tatu. Aliona aibu kwamba uongo wake una faida kwake mwenyewe.

Mwaka huu ilikuwa zamu ya Venisi. Mama Kabira aliutaka mji huo tangu majira ya baridi, mji wenye barabara za maji. Mwezi wa sita daktari akampima moyo, akasema ndege hapana. Watoto wa kiume wakasikitika sana, wakabusu kipaji cha mama yao, na wakaenda Venisi na wake zao. Alibaki Hissa.

Bibi akageukia ukutani. Aliacha kusema. Velma akija na bomba la sindano, ule mkono mzima uliusukuma mkono wake pembeni, bila hasira, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Hata kuku wa Vienna hakumtaka. Hissa alikaa mlangoni mwa chumba akimtazama mgongo, na siku ya nne akasema, "Tutampeleka Venisi ya hapa."

Venisi ya hapa iko The Pearl, kisiwa kilichojengwa na watu baharini pale Doha. Kuna mtaa wamechimba mifereji katikati ya nyumba za rangi ya waridi, manjano na buluu, wakaweka madaraja madogo ya kupinda, na vyombo vidogo hupita chini yake vikibeba familia zinazopiga picha. Ilikuwa Julai, jua likielekea kuzama, na hewa bado ilikuwa kama mvuke wa sufuria. Githinji alisukuma kiti hadi juu ya daraja wasimame watazame. Hissa akamwambia mamake, "Unaona, yumma, sawasawa na Venisi."

Mama Kabira alitazama upande huu na upande ule. Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya siku kadhaa.

"Hapa palikuwa bahari," alisema. "Baba yangu alizamia lulu hapa."

Githinji akakohoa kuficha kicheko, akarudi garini. Wao wakaingia mkahawa wa Kiitaliano uliokuwa ukingoni mwa mfereji, wenye baridi ya kumfanya mtu atafute shali. Bibi akapewa orodha ya vyakula, akatembeza kidole, akakisimamisha kwenye picha ya wali mweusi tititi. Mhudumu akaeleza kuwa ni wali wa Venisi hasa, unapikwa kwa wino wa ngisi. Ukaletwa. Mara adhana ya Magharibi ikasikika kwenye simu ya Hissa. Akainuka kwenda chumba cha sala cha wanawake, akamtazama Velma kwa lile jicho lake la sheria, na Velma akaitikia kwa kichwa kwamba anakumbuka.

Wakabaki wawili na sahani.

"Onja," alisema Mama Kabira.

Velma akaonja. Chumvi, uchungu, na kitu kama magogo ya gatini. Akameza, akavuta pumzi, akaanza kufumba macho.

"Usiseme," alisema bibi. "Nipe mimi."

Velma akafumbua. "Mama, hairuhusiwi."

"Miaka mitatu nimekula kwa masikio. Masikio yameshiba. Nipe."

"Mapafu, Mama."

"Nayajua mapafu yangu."

Velma aliogopa mambo mawili, na yote mawili yalikuwa mezani pale. La kwanza ni lile la siku zote, tone lipotee njia, bibi akohoe, homa ipande, na kazi iliyowasomesha wadogo zake iishe kwenye meza ya Waitaliano. La pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilikuwa la kwake peke yake. Ulimi ule ukigusa Ulaya mara moja tu, utajua. Utajua kwamba Vienna haikuwa na kuku, wala Lisbon haikuwa na omena, na kwamba binti aliyemwamini amekuwa akimchezea shere mgonjwa asiyeweza kuhakikisha. Akajiuliza anakataa kwa ajili ya lipi kati ya hayo mawili. Jibu alilolipata hakulipenda. Kusema "mapafu" kulikuwa kusema kweli kwa nia ya uongo, na uongo wa aina hiyo alikuwa amechoka nao.

Akafungua mfuko wa vifaa vya usafi, akatoa kijiti cha sponji.

Aliinua egemeo la kiti mpaka bibi akakaa wima kabisa, akamwinamisha kidevu kuelekea kifuani, kama alivyofundishwa kwa ajili ya kusafisha kinywa. Akachovya sponji pembeni mwa wali, akaikamua kwenye ukingo wa sahani, akaikamua tena hadi isidondoke hata kidogo, ikabaki nyeusi na kavu kiasi. Akaigusisha katikati ya ulimi, akaitoa. Kisha akainama sikio lake karibu na koo la bibi, akasikiliza.

Koo lilipanda, likashuka. Pumzi ilikwenda, ikarudi, haina maji ndani yake. Mama Kabira alikuwa amefumba macho, na uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza hodi asiyoitambua.

"Chumvi," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mama."

"Na matope ya bandari, maji yakishakupwa. Kama Wakrah tulipokuwa watoto."

"Ndiyo."

Bibi akafumbua macho. "Hii ndiyo Ulaya?"

"Ndiyo hii."

"Na kuku wa Vienna?"

Velma alishika kijiti kwa mikono miwili. "Vienna hawakuleta kuku, Mama. Walileta nyama isiyo na ladha yoyote. Niliona vibaya kuisema mbele ya mwenyewe. Kuku ni wa kwetu. Anampika mamangu."

"Na samaki wadogo wa Lisbon?"

"Wa kwetu."

"Na yale maziwa ya Paris?"

"Ya kwetu pia. Yote ni ya nyumba moja. Nisamehe."

Sauti ikatoka kifuani mwa Mama Kabira, ya kukwaruza, na mabega yakaanza kutikisika. Velma akaruka, akaangusha kijiti, akamshika kichwa akijua kwamba sasa ndiyo sasa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba bibi anacheka. Hakuwahi kumsikia akicheka tangu aingie nyumba ile, kwa hiyo hakuwa na namna ya kuitambua sauti hiyo.

Kicheko kilipokwisha, bibi akakunja uso.

"Umenivunjia adabu," alisema. "Miaka mitatu ninakula nyumbani kwa mwanamke, kuku wake, maziwa yake, na sijamtumia hata salamu. Atasema mimi ni mtu wa namna gani? Mpigie simu."

"Sasa hivi, Mama?"

"Nimeshamaliza kula. Mtu hushukuru akimaliza."

Velma akapiga, akaiweka simu mezani, sauti wazi, kando ya wali mweusi. Chavakali nako jua lilikuwa likizama saa hiyo hiyo. Mamake alipokea akihema kidogo, na nyuma yake kuku wakilalamika kuingizwa bandani.

"Velma? Kuna shida?"

"Hakuna shida, Mama. Yule nyanya ninayemhudumia anataka kukushukuru kwa chakula."

"Chakula gani? Nimempikia lini?"

"Nimekuwa nikimsimulia kuku wako. Kila siku. Yeye hali, kwa hivyo anakula nikimsimulia."

Mama Kabira akaisogelea simu kadiri kiti kilivyomruhusu, akamwaga shukrani za Kiarabu, ndefu, za kiutu uzima, za kumwombea mwenye nyumba baraka, mikono yake isalimike, jiko lake lisizimike. Velma alikuwa katikati ya kuzitafsiri alipoona kivuli juu ya meza.

Hissa alikuwa amerudi. Alikuwa akiutazama mdomo wa mama yake. Wino wa ngisi hauna siri. Midomo ya bibi ilikuwa nyeusi, na ulimi, kila alipotamka neno, ulikuwa mweusi zaidi.

"Velma," alisema Hissa kwa sauti ya chini. "Nilikuambia nini?"

"Kisipite kitu, Madam."

"Na huu ni nini?"

Mama Kabira akauinua ule mkono mzima. "Nyamaza, Hissa. Niko ugenini."

Hissa akapiga magoti sakafuni, abaya yake ikatanda, akaweka sikio kwenye kifua cha mama yake kama Velma alivyokuwa ameliweka kwenye koo. Akasikiliza kwa muda mrefu. Mhudumu alikuja akaona, akarudi alikotoka. Hissa alipoinua kichwa, macho yalikuwa yamemlowa, na akakiona kijiti cha sponji pale sakafuni. Akakiokota, akakigeuza.

"Kwa hiki?"

"Kwa hicho. Nilikikamua mara mbili."

"Kesho tutakwenda kwa daktari," alisema Hissa. "Utamweleza ulivyofanya, na mimi nisikie." Akavuta kiti, akaketi. Hakusema habari za ndege.

Kwenye simu mamake Velma alikuwa bado yupo. "Velma, mmenyamaza. Sikia, sijui Kiarabu, lakini nyumbani kwangu mgeni hatoki bila kuulizwa. Muulize kama alishiba."

Velma akatafsiri. Kwa miaka mitatu watu walikuwa wameuliza maji mazito yameingia kiasi gani, mpira umeziba au haujaziba, tumbo limejaa gesi au halijajaa. Hili hakuna aliyelikumbuka. Mama Kabira aliulamba mdomo wake mweusi, akafikiri, kama mtu mwenye adabu afikiriavyo kabla ya kujibu swali la mwenyeji wake.

"Mwambie nimeshiba," alisema. Kisha akaigeukia simu mwenyewe, ingawa lugha haikuwepo. "Nimeshiba, dada yangu. Nimeshiba kabisa."

Hissa alikuwa ameshachukua tishu amfute, lakini alibaki nayo mkononi.